Ziara ya siku moja Ayutthaya: mwongozaji safi, ratiba ndiyo inaangusha

Naandika kwa wenzangu wauza mawe ya vito, wale mnaokaa Bangkok siku nne mkisubiri mnunuzi apige simu. Msilale hotelini. Safari hii nililipa baht 1,600, gari, chakula na mwongozaji humo humo, nikapelekwa Ayutthaya, mji mkuu wa kale wa ufalme wa Siam, Thailand ya leo, kilomita kama 80 kaskazini.

Mwongozaji wetu, mama wa makamo, hakuanza na mahekalu. Alituteremsha ukingoni, akatuonyesha jinsi mito mitatu, Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi, ilivyouzunguka mji ukawa kisiwa. Maji hayo ndiyo yaliyokuwa ngome. Waburma walipouzingira mwaka 1766, mfalme Ekkathat na watu wake waliyategemea mafuriko: mvua zikijaa, adui atarudi kwao. Safari hiyo hakurudi. Majeshi ya Hsinbyushin, mfalme wa Waburma, yalipanda kwenye miinuko, yakaunda mashua, yakangoja maji yapungue huku mjini watu wakifa njaa. Kisha wakachimba mahandaki hadi chini ya ukuta na kuichoma misingi yake. Tarehe 7 Aprili 1767 mji uliodumu miaka 416 ukaanguka. Baada ya maelezo hayo, kila tofali jeusi nililoliona nililitazama kwa jicho jingine.

Palipokaa moyoni mwangu ni hekalu (wat) la Wat Phra Si Sanphet. Hapo ilisimama sanamu ya Buddha yenye urefu wa mita 16, imevikwa dhahabu, na washindi waliiyeyusha wakachukua dhahabu yao. Mimi nimezoea mawe yanayopita motoni yakatoka na rangi nzuri zaidi. Pale moto haukuacha kitu, nikashindwa hata kupiga picha.

Sasa lawama. Dukani kwa vinyago tulikaa saa nzima na nusu, Wat Chaiwatthanaram dakika 20, tena jua la utosini. Hiyo si haki kwa mtu aliyelipa.

Na habari za Taksin, jemadari wa Siam aliyekuja kuwa mfalme, hazimo kabisa kwenye ziara, mpaka nilipouliza mwenyewe. Mama wa watu akachangamka! Januari 1767, mji ukiwa bado umezingirwa, Taksin alipenya na watu wake mia kadhaa akaelekea mashariki. Mwezi wa sita akaiteka Chanthaburi, mji wa kusini mashariki, akakusanya mashua na askari huko, na kufika Novemba alikuwa amekwishaivunja kambi ya Waburma ya Pho Sam Ton, karibu na Ayutthaya. Waburma wenyewe walikuwa wameshaondoa jeshi lao kubwa, kwa sababu China ilikuwa inawashambulia kwao.

Chanthaburi! Miaka tisa nakaa kwenye meza za soko la vito la mji ule, Ijumaa hadi Jumapili, na ile sanamu ya mpanda farasi bustanini naipita kila safari. Sikujua ni yeye, wala kwamba ufalme ulianza kufufuka pale ninapouzia mawe.

Nampa mwongozaji nyota tano, kampuni tatu. Mkienda, ombeni gari la saa kumi na mbili asubuhi, na mwambieni dereva mapema kwamba dukani hamshuki. Jioni nunueni roti sai mai kwa akina mama Waislamu kandokando ya barabara, chapati laini zenye nyuzi za sukari ndani. Mimi nilikula tatu garini.