Kambi ya likizo ya siku tano Kisumu: meza ya umeme ndiyo inayolipa ada

Kambi tunayoipitia hapa ni ile ya likizo ya Agosti, Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, upande wa Milimani. Wanapokewa watoto 24 wa Gredi ya 6 hadi ya 9, wanagawanywa makundi manne ya watoto sita, na kila siku kundi linahamia meza nyingine: umeme, mbao, jiko, roboti. Ijumaa wote wanashuka Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria. Jina tumeliacha kwa makusudi. Ratiba hii hii inauzwa na waandaaji kadhaa kwa mabango tofauti, na mazuri na mabaya yake yanafanana.

Mzazi anayelipa siku hizi ana jambo moja kichwani, nalo ni Gredi ya 9. Mtoto akitoka hapo anachagua mkondo wa sekondari ya juu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Michezo. Kundi la kwanza la mtaala huu wa umilisi lilifika Gredi ya 10 mwaka 2026, na tangu hapo kila bango la kambi limeandikwa "taaluma" kwa herufi kubwa. Siku tano hazimwonyeshi mtoto taaluma yake. Zinachoweza kuonyesha ni kama mikono yake inavumilia kazi ya kufunga, kufungua na kufunga tena bila kununa, na kwa hilo meza hizi nne haziko sawa hata kidogo.

Anza na ya umeme. Anayeisimamia ni fundi wa nyaya, na hakuna mtoto anayegusa 240V ya ukutani. Ubao wa plywood una swichi mbili, vishikio vitatu vya balbu na soketi, vyote vinalishwa na betri ya 12V. Fyuzi ya 5A imewekwa kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri. Hapo pana akili. Mtoto akigusanisha nyaya, fyuzi inakatika tu, halafu anatafuta mwenyewe kwa nini. Fyuzi za akiba zimejaa kopo.

Kazi ya kwanza ni plagi ya pini tatu. Ganda la nje linavuliwa kama sentimita nne. Kahawia ni laivu, unaoleta umeme; buluu ni nyutro, unaourudisha; kijani chenye manjano ni ati, wa usalama, unaoenda ardhini. Waya wa ati unaachwa mrefu kidogo kuliko wenzake, ili kamba ikivutwa kwa nguvu ati iwe ya mwisho kung'oka. Kibano cha plagi lazima kiume ganda la nje, si nyaya za ndani. Hapa ndipo wengi hukosea: wanavua ganda refu mno ili wapate nafasi ya kufanyia kazi, kibano kinabaki kimeshika nyaya za ndani pekee, na plagi inaonekana safi kabisa kwa nje. Kosa la pili ni kukaza skrubu juu ya plastiki badala ya shaba. Fundi hasemi neno. Anashika kamba, anavuta. Ikitoka, rudia.

Halafu inakuja hesabu ya fyuzi. Pasi ya wati 1200 kwa 240V inavuta ampea 5, kwa hiyo fyuzi ya 3A itakatika. Taa ya mezani ya wati 60 inavuta robo ampea, na kuitilia fyuzi ya 13A ni kuacha waya mwembamba uungue kabla fyuzi haijastuka. Mtoto akishaelewa hilo, ataanza kufungua plagi zote za nyumbani kwenu. Chomoa kwanza.

Kilele cha siku ni taa ya ngazi: swichi mbili, taa moja, unawasha chini na kuzima juu. Kila swichi ina vituo vitatu: COM, yaani cha pamoja, kisha L1 na L2 ambazo swichi huchagua moja. Waya wa kutoka kwenye betri unaingia COM ya swichi ya kwanza, wa kwenda kwenye taa unatoka COM ya pili, na L1 na L2 zinaunganishwa swichi kwa swichi. Karibu kila kundi linaingiza waya wa betri kwenye L1, kwa kuwa ndicho kituo kilicho karibu na mkono. Matokeo yake yanachekesha: swichi mbili zina hali nne, na taa inakubali kuwaka katika hali moja tu. Watoto wanalaumu balbu, kisha betri, kisha wao kwa wao. Mwisho mmoja anachukua mita ya umeme, anaiweka kwenye mlio, ule unaolia njia ikiwa imeunganika, anapima kituo kwa kituo. Hiyo nusu saa ya kulaumiana na kupima ndiyo kazi ya fundi ilivyo hasa, na ndiyo tungelipia.

Dosari ni ubao. Mmoja kwa watoto sita hautoshi. Watatu kwa ubao ndio mwisho. Wakifika wanne, mmoja anageuka mshika tochi, na kwa kawaida ni yule mpole au msichana pekee wa kundi. Plywood, swichi mbili na betri nyingine havigharimu pesa ambazo kambi hii haina.

Meza ya roboti inapigwa picha kuliko zote na inafundisha kidogo kuliko zote. Vigari vinakuja na programu tayari ndani. Mtoto anafunga skrubu nane, anabonyeza, kigari kinakwepa ukuta, makofi. Hakuna alichounda. Watoto walipojaribu kuandika programu wenyewe kwenye Arduino za bei nafuu, zile bodi ndogo za kielektroniki zinazopokea programu kutoka kwenye kompyuta, asubuhi nzima iliteketea kwa mambo mawili yanayojulikana na kila anayezitumia. Moja, kebo zilikuwa za kuchaji simu tu, zisizopitisha data. Pili, bodi nyingi za aina hiyo hutumia chipu ya CH340, na kompyuta isiyo na programu yake haizioni. Vyote viwili hupimwa siku moja kabla, kwa dakika kumi.

Meza hii ingeponywa na vitu vidogo: kila mtoto ubao wake wa matundu, taa ya LED nyekundu, na rezista, kipunguza mkondo, ya omu 220. Volti 5 zikitoka, LED inachukua kama 2, zinabaki 3. Gawa kwa 220, unapata miliampea 14 hivi, taa inawaka vizuri na haiungui. Mguu mrefu ni chanya. Matundu matano ya safu moja yameunganishwa chini kwa chini, kwa hiyo anayechomeka miguu yote miwili ya LED kwenye safu moja ameipitisha njia ya mkato na haitawaka ng'o. Mtoto akigundua hilo peke yake ameondoka na kitu kuliko yule wa kigari.

Mbao tunapita haraka: kigoda cha saiprasi, msumeno, patasi, misumari. Kimepangwa vizuri. Wanaambiwa wagonge ncha ya msumari kidogo iwe butu kabla ya kuupigilia karibu na ukingo, na wanaona wenyewe kwamba ncha kali hupasua nyuzi ilhali butu huzikata. Miwani ya macho ipo, ya kutosha wote.

Jiko lilitushangaza. Mkate, lakini kwa mizani: unga kilo 1, maji mililita 600, hamira kavu gramu 10, chumvi gramu 18, sukari gramu 30. Hakuna kikombe, maana kikombe cha unga uliochekechwa na cha unga ulioshindiliwa si kitu kimoja. Maji yawe vuguvugu tu; yakipita nyuzi 55 hamira inakufa na kinyunya kinalala pale pale. Oveni hakuna. Ni sufuria kubwa yenye mchanga chini, bati la mkate ndani, makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Ukiyageuza, yaani makaa mengi chini, unapata mkate mweusi tumboni na mbichi mgongoni, na kundi la Jumanne lilipata huo. Kisha wanapiga hesabu ya gharama ya mkate mmoja, makaa na mfuko wa kufungia vikiwemo, na wanaulinganisha na wa dukani. Wakikuta wa dukani ni rahisi, inabidi waeleze kwa nini. Hapo mapishi yamekuwa biashara.

Dunga ndiyo siku yenye mali nyingi na iliyopangwa vibaya kuliko zote. Wazo ni zuri: mashua, sahani ya Secchi ya kupimia uangavu wa maji, karatasi za pH za kupimia asidi na alkali, ndoo. Sahani ni mfuniko wa plastiki wa sentimita 20, robo mbili nyeusi na mbili nyeupe, wenye uzito chini na kamba yenye alama kila sentimita 10. Unaishusha upande wa mashua wenye kivuli mpaka ipotee, unasoma. Unaipandisha mpaka ionekane, unasoma tena. Wastani ndio jibu. Karibu na ufuo hupotea kabla ya mita moja. Ukisogea penye magugu maji, mtoto anauliza samaki wanapumuaje chini yake, na swali hilo linafungua mlango wa wafugaji wa ngege wa vizimba, wanaopoteza mazao hewa ikipungua majini.

Ila walitoka ufuoni saa sita. Mchana upepo wa ziwani unapanda, mashua inayumba, kamba inalala mshazari na kipimo kinakuwa uongo. Saa tatu hadi saa tano asubuhi ndiyo saa yake. Jaketi za kuokolea maisha zilikuwepo, lakini nyingi za watu wazima. Mnyanyue mtoto kwa mabega ya jaketi: ikipanda hadi masikioni, si yake, asipande. Na watoto waliachwa wachote maji wakiwa wamesimama ziwani hadi magotini. Kwenye majani ya ufuo kuna konokono wa kichocho, na vijidudu vyake huhitaji dakika chache tu kupenya ngozi. Ndoo yenye kamba, kutoka kwenye mashua au gatini, inatosha.

Aliye Nakuru atakuta ratiba kama hii ikiwa na kreta ya Menengai au eneo la mambo ya kale la Hyrax Hill mahali pa ziwa. Ni sawa, na hakuna mashua ya kuhofia. Wakiahidi kupima maji ya Ziwa Nakuru, uliza kama wana kibali, maana ile ni mbuga ya taifa, na kama karatasi zao za pH zinafika 14. Maji yale yako karibu na 10.

Ada inatofautiana kwa mwandaaji, kwa hiyo uliza inabeba nini: chakula, mashua, vifaa. Uliza pia hati za mwenendo mwema za wasimamizi, na usome fomu ya picha kabla ya kutia sahihi; Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi, na fomu hii ilikuwa imeiunganisha na idhini ya matibabu katika sahihi moja. Wakikuongezea saa mbili za Hisabati na Kiingereza kila asubuhi, hiyo ni tuisheni ya likizo, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeikataza.

Kwa mtoto wa Gredi ya 8 au 9 tungelipa, na tungeomba siku ya roboti ibadilishwe iwe ya pili ya umeme. Wa Gredi ya 6 asubiri mwaka. Viatu vya kufunika vidole havimo kwenye orodha ya vitu vya kubeba. Mvishe hata hivyo. Meza ya mbao iko juu ya sakafu ya saruji, na patasi ikianguka hutangulia ncha.