Bushi nzuri, gereji sirudi tena (labda)

Nianze na bushi zenyewe, vile vipande vya mpira na chuma vinavyokaa kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu ya gari, nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu. Bushi ni safi. Ni za mpira, ugumu wake kama zile za kiwandani, na zimekaa sawasawa kwenye mikono. Bushi sina neno nazo. Neno langu ni kwa waliozifunga, na hasa kwa fundi mkuu wao, mtu ambaye mpaka leo nikimkumbuka napandwa na hasira upya.

Gari ni Mazda MX-5 ya toleo la kwanza, lile lenye taa za kuchomoza. Kwa umri huo mpira unakuwa umekauka, umepasuka, na mwingine umeshaachana na chuma chake. Langu lilikuwa na dalili zote. Ukikanyaga breki linatafuta njia yake lenyewe. Ukiachia mafuta katikati ya kona, nyuma inajipeleka upande kabla hujaiambia. Tairi zinalika upande wa ndani wakati nje bado zina kashata. Ukipima alaimenti, yaani mpangilio wa pembe za magurudumu, haichukui muda imeshahama. Mafundi kadhaa walishaniambia ni shokapu. Haikuwa shokapu.

Hawa wa gereji hii walilitazama, wakaingiza mtaimbo kati ya mkono na fremu, wakatikisa, wakanionyesha chuma kinavyocheza. Hapo nikawapenda. Na kazi ngumu waliifanya vizuri, lazima niseme. MX-5 ina mkono wa juu na wa chini kwenye kila gurudumu, mbele na nyuma, kwa hiyo bushi ni nyingi na zote zinataka presi, ile mashine ya kuzitoa na kuzisukuma ndani kwa nguvu. Balaa zaidi ni zile bolti za kurekebishia alaimenti, zinazopita kwenye mikono ya chini. Miaka ikipita, kutu inaziunganisha na bomba la ndani ya bushi, haziendi mbele wala nyuma. Zilizogoma walizikata, wakaweka mpya, wakazipaka grisi ya kuzuia kutu. Mafundi wengi hawafanyi hivyo. Nyota tano nilikuwa nimeshaziandaa.

Siku ya kulichukua nikaliona limesimama juu. Nikadhani macho yangu. Nikaliendesha. Tuta dogo tu, linakupiga ngumi ya mgongo. Linadunda, halitaki kulala kwenye kona, usukani mzito kwa namna ambayo sikuitambua. Gari lililoingia gereji limechoka lilikuwa na starehe kuliko lililotoka limepona.

Nikarudi. Nikamuuliza fundi mkuu kwa adabu kabisa: "Samahani fundi, zile bolti za mikono mlizikaza gari likiwa wapi?"

Akanijibu mbele ya watu: "Kwenye lifti, mzee. Ulitaka tukazie wapi, mtoni?"

Wakacheka. Wote.

Sasa nieleze kwa nini swali langu halikuwa la kijinga. Bushi ya mpira ya aina hii haizunguki. Mpira umegandishwa kwenye chuma cha nje na cha ndani. Ukikaza bolti, chuma cha ndani kinabanwa pale pale kwenye fremu, na kuanzia hapo mkono unapopanda na kushuka ni mpira ndio unaojisokota na kurudi. Kwa hiyo ile sehemu uliyokazia ndiyo mpira unaihesabu kuwa nyumbani. Ukikaza gari likiwa kwenye lifti, magurudumu yananing'inia, mikono iko chini kabisa. Ukilishusha, uzito wa gari unaisukuma mikono juu na mpira unabaki umesokotwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Ndiyo maana linasimama juu, ndiyo maana linadunda, na ndiyo maana bushi mpya za namna hiyo huchanika mapema. Unatakiwa kuweka bolti zikiwa legevu, ushushe gari lisimame kwa uzito wake, ulitikise likae, ndipo ukaze. Hakuna siri hapo. Imo kwenye kitabu cha ufundi cha gari lenyewe.

Nikamfungulia ukurasa. Hakuutazama. Akafuta mikono kwa kitambaa, akasema, "Basi hicho kitabu kikafunge bushi," akaenda kwenye gari jingine.

Ningeweza kusamehe kutojua, mafundi hawajui kila kitu na mimi sijui hata nusu ya wanachojua wao. Lakini subirini. Nilipokuwa bado nimesimama pale nimeduwaa, akageuka akaongeza: "Ndiyo maana nilikushauri uweke zile za poliyurethani. Zile zinazunguka, hazijali."

Zile zinazunguka, hazijali! Ni kweli kabisa, za poliyurethani hazijagandishwa, zinazunguka kwenye bomba lake, zinataka grisi tu na zikikauka zinalia kila ukipita kwenye shimo. Lakini mtu anayejua kwamba zile zinazunguka, anajua kwamba hizi hazizunguki. Alijua! Alijua tangu mwanzo, akakaza kwenye lifti kwa sababu pale juu mkono wa spana unafika kirahisi, basi. Hapo nyota tano zikawa moja, na ile moja ilibaki kwa sababu tu sifuri haikubaliki.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja pale gerejini, sitamtaja asije akapata tabu. Akaniambia, "Mzee, lete gari kwenye shimo." Kwenye shimo magurudumu yanakaa juu ya sakafu na fundi anafanya kazi akiwa chini. Akalegeza bolti moja baada ya nyingine. Bolti za mikono ya chini za nyuma zilipolegea mpira uliruka kwa kishindo, tukatazamana. Akalisukuma gari juu chini, juu chini, likatulia, akakaza upya. Lilipotoka shimoni lilikuwa limeshuka kimo chake.

Na jamani, gari! Sijui niseme nini. Unageuza usukani kidogo, linafuata kidogo. Unakanyaga breki, linanyooka. Nyuma imetulia, imeacha ujanja wake wote. Niliendesha njia ndefu kurudi bila sababu yoyote. Nikasema moyoni, basi, nawarudishia nyota nne, kazi hatimaye imefanyika, na fundi mkuu tumwachie Mungu.

Sasa kuna suala la alaimenti. Alaimenti waliyonipimia mwanzo ilipimwa gari likiwa limesimama kwenye kimo cha uongo. Kimo kikibadilika, pembe za magurudumu zinabadilika nazo, kwa hiyo ile karatasi ya vipimo waliyonipa haina maana. Nikawapigia nikaomba wapime upya. Fundi mkuu akapokea mwenyewe. Akasema sawa, niende, ila nitalipia kama kazi mpya, kwa sababu "wewe ndiye uliyetaka bolti zifunguliwe."

Nyota mbili. Moja ya zile bolti walizokata na kupaka grisi, nyingine ya kijana wa shimoni. Nimewaambia alaimenti nitapima kwingine na risiti nitawapelekea wao. Wakilipa nitaongeza nyota. Ya tatu tu, zaidi ya hapo asahau. Na kama unakwenda kwao hata hivyo, maana presi wanaijua kweli, muulizie yule kijana, na usiondoke hapo mpaka umeona kwa macho yako magurudumu yako chini wakati bolti zinakazwa.