Uzoefu wangu wa kuunganisha EDI na ERPNext kwenye kituo cha parachichi, Iringa

Kama unauza parachichi Ulaya na mnunuzi amekwambia kuwa msimu ujao hapokei tena oda wala ankara kwa barua pepe, soma hapa kabla hujasaini mkataba na mtu yeyote. Atakachotaka ni EDI, yaani kompyuta yako na yake zipeane hati za biashara moja kwa moja. Huduma za kuunganisha EDI zinafanya kazi, na hii tuliyonayo nimeridhika nayo. Ila ugumu wake hauko pale wanapokuonyesha wanaoziuza.

Mimi ni mhasibu kwenye kituo cha kufungashia nje kidogo ya mji wa Iringa. Matunda yanatoka Mufindi, Njombe na mengine Rungwe. Tunayachambua, tunayapanga kwenye katoni za kilo 4, kisha kontena la ubaridi linateremka mlima Kitonga kwenda bandari ya Dar es Salaam. Mahesabu na stoo vyote viko kwenye ERPNext, programu huria tuliyokuwa tumeshaizoea. Aliyetaka EDI ni mnunuzi wetu wa Uholanzi, nasi tukampata mtoa huduma wa kukaa katikati: anachukua hati kutoka ERPNext, anazigeuza kuwa EDIFACT, anazifikisha. Jina lake naliacha, kwa sababu ninayoyasema yanaweza kukukuta kwa mtoa huduma yeyote.

EDIFACT ni kanuni ya Umoja wa Mataifa ya kuandika hati za biashara zisomwe na kompyuta, ikawa kiwango cha kimataifa ISO 9735 tangu mwaka 1987, kwa hiyo wanunuzi wa Ulaya wanaiona ni kitu ambacho kila msambazaji anapaswa kuwa nacho. Mnunuzi anatuma ORDERS (oda), sisi tunajibu kwa ORDRSP (jibu la oda), mzigo ukiondoka tunatuma DESADV (taarifa ya mzigo uliotumwa), mwisho INVOIC (ankara).

Faida niliyoiona kwanza ni kwenye oda. Zamani ilikuja kwenye PDF, nami naingiza mstari kwa mstari. Saizi ya parachichi ni idadi ya matunda yanayojaza katoni ya kilo 4, kwa hiyo 16 na 18 zikipishana mstari mmoja tu, mnunuzi anapata mzigo asiouagiza. Sasa oda inaingia yenyewe ERPNext ikiwa rasimu, yenye saizi, tarehe na bei, na msimamizi anaisoma kabla ya kuipitisha. Hapo sina la kulalamikia kabisa.

Usafirishaji wa hati nao ni mzuri. Zinapita kwa AS2, utaratibu uliochapishwa mwaka 2005 kama RFC 4130. Kila hati inasainiwa kidijitali na kufungwa isisomeke njiani, na upande wa pili unarudisha stakabadhi iliyosainiwa, inaitwa MDN, hivyo hakuna wa kusema hakupokea. AS2 inataka kompyuta iliyo hewani saa zote. Kwa umeme wetu, mzigo huo usijitwishe. Mwachie mtoa huduma. Kuna jioni umeme ulikatika tukiwa tumeshafunga kontena. Uliporudi, hati zilizokuwa zimekaa foleni zikatoka zenyewe, na MDN ikaingia lori likiwa halijafika hata Kitonga.

Sasa kwenye ugumu wenyewe. Mkulima wa Rungwe tunamlipa kwa kilo. Mnunuzi wa Uholanzi anatulipa kwa katoni. ERPNext inalimudu jambo hili: kila mstari wa hati ya kupeleka mzigo una kipimo cha kuuzia, kipimo cha stoo, na namba ya kubadilisha kimoja kwenda kingine, ambayo kwetu ni 4. Fundi wa mtoa huduma alipotengeneza kiolezo cha DESADV alichukua kipimo cha stoo. Paleti mbili za saizi 18, katoni 264 kila moja, zilitakiwa ziende hivi (QTY+12 ni kiasi kilichotumwa, PCE ni kwa idadi, KGM ni kwa kilo):

QTY+12:528:PCE'

Zikaenda hivi:

QTY+12:2112:KGM'

Hesabu yenyewe ni sahihi, katoni 528 za kilo 4 ni kilo 2,112. Lakini mfumo wa mnunuzi ulikuwa unategemea katoni, ukasoma namba, ukaacha kipimo. Kijana wa stoo akanijia na simu mkononi: "Dada, wanasema tumewapelekea katoni elfu mbili na zaidi. Wamezitoa wapi?" Ghalani kwao wakahesabu, namba zikakataa, ankara ikazuiwa.

Ankara ikizuiwa Uholanzi, anayeumia ni mama wa Rungwe aliyechuma matunda yake, akayapakia, akaambiwa asubiri malipo. Ada za shule hazisubiri. Ndiyo maana hili naliandika kwa urefu: kosa la sehemu moja kwenye kiolezo linafika mpaka jikoni kwa mtu ambaye hajawahi kusikia neno EDI.

Kulirekebisha haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kulibaini, kwa sababu skrini ya mtoa huduma ilikuwa ya kijani muda wote. MDN inathibitisha kwamba hati imefika. CONTRL, ujumbe wa EDIFACT unaorudi kutoka kwa mpokeaji, inathibitisha kwamba imeandikwa kwa kufuata kanuni. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokwambia kama namba zilizomo zina maana kwa mnunuzi. Kuna ujumbe mwingine, APERAK, ambao kazi yake ndiyo hiyo, kusema "nimekusoma lakini hapa sikubaliani." Muulize mnunuzi mapema kama anautuma, na muulize mtoa huduma atauonyesha wapi. Sisi tulikuja kuuwekea kipengele kwenye mkataba baadaye.

Na majaribio yafanyike kwa hati halisi za msimu uliopita, si kwa mifano yao ya "bidhaa A, bidhaa B." Mkalishe mtu wa stoo, msimamizi wa kufungasha na fundi mbele ya skrini moja, mlinganishe na karatasi mstari kwa mstari. Mtu wa stoo ataona katoni elfu mbili kwenye paleti mbili kabla fundi hajamaliza kufungua dirisha.

Lebo za paleti zilituchukua muda mfupi. Kila paleti ina namba yake ya SSCC, tarakimu 18, ambayo inachapwa kwenye lebo na kuandikwa ndani ya DESADV; mpokeaji anaskani na kujua kilichomo. Namba ya kampuni iliyomo ndani yake tuliipata GS1 Tanzania, wanaotoa namba za misimbopau. Hakikisha tu printa ya lebo inasoma namba kutoka ERPNext moja kwa moja, mtu asiichape kwa mkono.

Malipo: kuna watoa huduma wanaotoza kwa kila herufi 1,000 zinazopita, wengine kwa mwezi, wengine kwa hati. Sisi tulichagua kwa hati. Parachichi lina msimu, na ada ya mwezi ingeendelea kutukata wakati hatuna hata katoni ya kutuma. Jambo linaloniudhi mpaka leo ni huduma kwa wateja, inayofuata saa za ofisi za kwao. Sisi kontena tunalifunga usiku, likikwama tunasubiri asubuhi.

Usidhani pia kwamba INVOIC inamaliza mambo ya hapa nyumbani. Risiti ya EFD ya TRA iko palepale, tamko la forodha bado linapita kwa wakala, na cheti cha afya ya mimea kinatoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. EDI inazungumza na mnunuzi tu.

Kama mnunuzi wako ni mmoja na oda zake ni chache, muulize kwanza kama ana tovuti ya wasambazaji ya kujaza fomu. Wengi wanayo, na inazalisha hati zilezile bila wewe kuunganisha chochote. Na rafiki zangu wa mchele wa Mbarali wanaouza kwenye maduka ya Mbeya na Dar, hela hiyo nunueni mizani nzuri na mpange orodha ya bidhaa vizuri kwenye ERPNext, vipimo vikiwa sawasawa. Siku mnunuzi wa nje akija, kazi kubwa itakuwa imeshafanyika.