Fremu ya kupasulia mbao kwa chenso: uzoefu wangu wa kujenga stoo kihambani, Uru, Moshi

Kwa mtu mwenye miti yake kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani la Kichaga, na asiye na barabara ya lori hadi pale miti ilipo, fremu ya kupasulia mbao inayofungwa kwenye bapa la msumeno wa mnyororo, yaani chenso, ni kifaa ninachokipendekeza bila kusita, mradi ajue mapema kwamba kinampa mbao mbichi tu na kwamba kazi kubwa ya kuzikausha inabaki mikononi mwake. Ninaandika haya baada ya kuitumia kupasua mbao zote za stoo ya mahindi, kahawa na zana niliyoijenga nyumbani Uru, juu ya mji wa Moshi, na baada ya stoo hiyo kupita masika yake ya kwanza.

Kihamba chetu kiko mteremkoni, na migrevilea niliyokusudia kuitumia ilipandwa miaka mingi iliyopita katikati ya kahawa na migomba ili mibuni ipate kivuli, kama ilivyo desturi ya huku. Mti huu asili yake ni mashariki mwa Australia, lakini siku hizi ni vigumu kukuta kihamba kisicho nao. Gogo lake nene lenye urefu wa futi 12 ni zito mno, na kuliviringisha hadi barabarani ni kuvunja mibuni na kubomoa kingo za mfereji ambao majirani walio chini yetu wanautegemea kwa maji. Mashine za kupasulia mbao zilizopo mjini zinataka gogo lifikishwe zilipo. Hata zile zinazohamishika ziitwazo ding dong, ambazo zimeenea kwenye mashamba ya miti ya Mufindi, zinahitaji uwanja ulio tambarare na njia ya kuziingiza. Zamani wapasuaji walichimba shimo, wakaliweka gogo juu yake, kisha watu wawili wakavuta msumeno, mmoja akiwa juu na mwingine ndani ya shimo, na mbao zikatolewa shambani zikiwa zimekwisha kupasuliwa. Fremu inarudisha faida hiyo bila kuchimba shimo: kinachobebwa kutoka shambani ni ubao mmoja mmoja begani, na mibuni inabaki salama.

Wapo pia vijana wanaopasua kwa chenso tupu, wakifuata mstari uliopigwa kwa uzi uliochovywa kwenye oili chafu. Baadhi yao wana mkono mzuri sana na ninawaheshimu, lakini ubao wao mara nyingi huwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na tofauti hiyo yote huishia kuliwa na randa. Hapo ndipo fremu inapolipa bei yake. Nilipopima mbao zangu kwenye ncha zote mbili na katikati, unene ulilingana kiasi cha kuweza kuzipigilia ukutani bila kuzipiga randa kwanza.

Namna inavyofanya kazi ni rahisi kuielewa. Ni reli mbili za alumini zinazokaa juu ya gogo, na chini yake bapa la chenso limefungwa likiwa limelala, kwa umbali unaoupanga mwenyewe kwa kulegeza na kukaza nati. Umbali huo ndio unene wa ubao. Kwa kuwa gogo ni la mviringo, mpasuo wa kwanza unahitaji kitu kilichonyooka cha kupitishia fremu. Mimi nilitumia ngazi ya alumini niliyoifunga juu ya gogo kwa skrubu na kuipima kwa pima maji, na mara uso wa kwanza ulipopatikana, kila ubao uliofuata uliongozwa na uso ulioachwa na ubao uliotangulia. Usahihi wa mpasuo wa kwanza ndio usahihi wa gogo zima, hivyo inafaa kutumia muda mrefu hapo bila haraka yoyote.

Chenso ndogo ya kukatia kuni haifai kwa kazi hii. Kupasua kwa urefu wa gogo kunaichosha injini kuliko kukata kwa upana, na kwa maoni yangu injini yenye ukubwa wa chini ya cc 60 au 70 itateseka kwenye gogo la kawaida la mgrevilea. Mnyororo nao uwe wa kupasulia, ambao meno yake yamenolewa kwa pembe ya takriban nyuzi 10 badala ya nyuzi 30 za mnyororo wa kawaida. Tofauti yake inaonekana kwenye ulaini wa uso wa ubao na kwenye wepesi wa kusukuma fremu. Kabla ya kuanza nilimenya magome yote kwa panga, kwa sababu mchanga ulionasa kwenye magome huua makali upesi, na nilikagua kila gogo kutafuta misumari ya zamani iliyopigiliwa kwa ajili ya uzio au mizinga ya nyuki.

Upungufu mkubwa wa njia hii ni upotevu wa mti, na mnunuzi anapaswa kuuelewa kwa hesabu. Mnyororo wa chenso hula kiasi cha milimita 9 kila unapopita, wakati msumeno wa utepe wa kiwandani hula milimita 2 hadi 3 tu. Ukipasua ubao wa inchi moja, yaani milimita 25, basi katika kila milimita 34 za gogo, milimita 9 zimegeuka vumbi, ambayo ni zaidi ya robo. Ukipasua ubao wa inchi mbili, upotevu unashuka hadi takriban asilimia 15. Kwa sababu hiyo niliipanga stoo itumie mbao nene kila ilipowezekana: sakafu na fremu ya kuta ni za inchi mbili, na inchi moja nikaiweka kwenye mbao za kufunika kuta pekee. Mabanzi, yaani vipande vya pembeni mwa gogo, hayakutupwa: mazuri yalikuwa papi za banda la mbuzi, na yaliyobaki yalikwenda jikoni.

Mgrevilea wenyewe ni mti mzuri kupasua, na ukipasuliwa kufuata mwelekeo wa kiini kwenda nje, uso wake hutoa madoa yanayong'aa ambayo sikuyatarajia kwenye mbao za stoo. Hata hivyo una mambo mawili. La kwanza, gogo lina mvutano ndani yake, hivyo mpasuo hujifunga na kulibana bapa. Dawa yake ni kupachika kabari ndogo za mbao nyuma ya msumeno kadiri unavyosonga mbele. La pili, vumbi lake huwawasha baadhi ya watu ngozi vibaya, na kijana aliyekuwa akinisaidia alitokwa na vipele mikononi hadi tulipohakikisha kila mtu amevaa mikono mirefu, glavu, barakoa na miwani.

Kuhusu kukausha, ningependa msomaji atulie hapa kuliko mahali pengine, kwa sababu ubao uliopasuliwa vizuri ukakaushwa vibaya ni kuni. Nilizipanga mbao juu ya mawe, futi moja na zaidi kutoka ardhini, nikitenganisha kila tabaka kwa vijiti vya unene mmoja vya mti mkavu, na vijiti hivyo nikavipanga kwa mstari wima, kimoja juu ya kingine, ili uzito upite moja kwa moja hadi chini na mbao zisipinde katikati. Ncha zote nilizipaka rangi nzito ya mafuta siku ileile ya kupasua, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha, na huko ndiko nyufa huanzia. Juu nilifunika kwa mabati chakavu na mawe mazito, lakini pembeni niliacha wazi, kwa kuwa kinachokausha mbao ni upepo, na jua kali la moja kwa moja huzipasua. Nilipasua mwishoni mwa masika ili nipate kiangazi chote cha Juni hadi Septemba, na mbao za inchi mbili zilihitaji kungoja zaidi ya hapo. Sikuwa na kipimo cha unyevu. Nilichagua mbao chache, nikawa ninazipima kwenye mizani ya kupimia kahawa, na uzito ulipoacha kushuka ndipo nilipomwita fundi.

Stoo ina futi 10 kwa 14. Mgrevilea ukigusa udongo hauchukui muda kuliwa na mchwa, hivyo hakuna ubao hata mmoja uliogusa ardhi: nguzo zimekaa juu ya vichwa vya mawe na saruji vyenye kimo cha futi moja na nusu, na kati ya jiwe na nguzo kuna kipande cha bati kilichokunjwa kingo zake kwenda chini, ambacho humzuia panya na kuulazimisha mchwa kujenga njia yake mahali ninapoweza kuiona. Kuta zimefunikwa kwa mbao zilizosimama wima zenye upana wa inchi 8, na kila mwanya umefunikwa kwa ubao mwembamba wa inchi 2. Fundi wangu, mzee wa hapahapa Uru, alisisitiza kwamba ubao mpana upigiliwe msumari katikati tu na ule mwembamba upigiliwe kwenye mwanya bila kuzishika mbao mbili kwa pamoja, ili kila ubao uweze kutanuka wakati wa mvua na kusinyaa wakati wa kiangazi bila kupasuka. Alikuwa sahihi kabisa: masika yalipopita, mbao zilitanuka na kurudi, na hakuna uliopasuka. Paa ni mabati ya geji 28 juu ya kenchi za mbao zetu wenyewe, likiwa limetokeza mbele ya kuta kiasi cha futi mbili ili mvua isipige mbao.

Kwa upande wa kasoro za kifaa, nati za fremu niliyonunua hulegea kwa mtikisiko na zinahitaji kukaguliwa kila baada ya ubao, jambo ambalo mtengenezaji angelitatua kwa nati za kujifunga zenye gharama ndogo sana. Maelekezo yalikuwa ya michoro midogo isiyosema lolote kuhusu kiasi cha kukaza. Moshi wa injini humfikia msukumaji usoni, kwa hiyo gogo lipangwe upepo ukitoka upande. Chenso hunywa petroli na oili ya mnyororo kwa wingi katika kazi hii, na mgongo huuma, kwa kuwa unasukuma ukiwa umeinama. Gogo likiinuliwa juu ya vipande vingine hadi usawa wa magoti, nafuu ni kubwa.

Bei ya fremu ilikuwa chini ya nusu ya bei ya chenso. Mwenye kutaka kupasua mbao za kuuza simshauri ainunue, kwa sababu upotevu na mwendo wake wa polepole vitakula faida yote. Mwenye kujenga stoo, banda au jiko la nje kwa miti yake mwenyewe apite kwanza ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu kuomba kibali, kama nilivyofanya, kwani kuupanda mti mwenyewe huenda kusimwondolee mtu wajibu huo. Kisha amuulize muuzaji mambo haya kabla ya kulipa: fremu inabana bapa la urefu gani, upana halisi wa gogo inaoweza kupitisha ni upi baada ya kuondoa nafasi ya vibanio, na kama minyororo ya kupasulia ya kipimo hicho inapatikana Moshi au Arusha au ni lazima iagizwe Dar es Salaam.