Pixel 8 Pro na Video Boost: picha safi, bando je?

Pita Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ulizia simu ya kurekodi usiku. Hukosi wa kukushikisha Pixel 8 Pro, simu ya Google. Hadanganyi, ila ukali wa video zake za usiku haumo wote ndani ya simu. Sehemu kubwa inafanyika kwenye seva za Google.

Mimi narekodi sendofu na singo hapa Dar. Nyingi zinachangamka jua likishazama, ukumbini mpambaji kaweka taa za zambarau na moshi juu yake. Hapo ndipo Video Boost, huduma ya Google ya kusafisha video, iliyoletwa kwenye 8 Pro Desemba 2023, inapofanya kazi. Unaiwasha kwenye kamera kabla ya kurekodi. Ukimaliza, simu inakupa video ya muda, ya hivi hivi tu. Faili zito linapanda Google Photos, linachakatwa huko, ndipo unaletewa taarifa kuwa toleo safi liko tayari.

Na ni safi kweli, sitalinyima haki yake. Kwenye sendofu moja Temeke nilimsogelea bibi harusi kainua viganja. Kwenye video ya muda hina yake ni doa jeusi, ukuta wa nyuma umejaa chenga. Toleo la seva lilipokuja, maua ya hina unayaona moja moja, na ngozi yake ya maji ya kunde imebaki ileile, haikupauka wala kuwa zambarau.

Sababu ya kupeleka kazi nje inaeleweka. Dakika moja ya fremu 30 kwa sekunde ni picha 1,800, na kila moja inapitishwa kwenye HDR+, ufundi wa Google wa kusawazisha penye mwanga na penye giza. Chipu ya simu hii, Tensor G3, haibebi mzigo huo. Lakini iPhone inamalizia video zake humo humo ndani. Ukiwa Mafia mtandao umekata, ulichorekodi ndicho ulicho nacho.

Kinachouma ni bando. Video ya kawaida ya 4K, dakika moja tu, inakula mamia ya MB. Faili la Video Boost ni zito kuliko hiyo, na lote lazima lipande. Halijaisha hapo: mteja akitaka video yake, unashusha toleo safi, bando tena. Kisha unampelekea WhatsApp, bando mara ya tatu, na WhatsApp nayo inaibana mpaka nusu ya usafi ulioulipia unapotea njiani. Kitu hiki kimebuniwa na watu wa waifai isiyohesabiwa. Nafasi ya bure ya kuhifadhi kwa Google nayo ni GB 15, mnagawana na barua pepe zako.

Halafu kuna kusubiri. Shangazi wa bibi harusi alinifuata na simu mkononi kabla hata vyombo havijatolewa.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Mbona hii uliyonitumia ina chenga?”

“Nzuri inakuja kesho.”

“Kesho! Status za wenzangu zitakuwa zimeshaonwa na dunia nzima.”

Sikuwa na jibu. Google wanasema Pixel 9 Pro inachakata upesi zaidi, sawa, lakini kupakia bado ni kwa mtandao wako na kwa hela yako.

Ninavyoitumia sasa: kwenye Google Photos nimezima bekapu kwa data ya simu, faili zinapanda nikifika penye waifai. Video Boost naiwasha kwa vipande vifupi tu, kuingia ukumbini, hina, keki. Mengine yote 1080p ya kawaida.

Simu yenyewe naipa nne kati ya tano. Video Boost mbili na nusu, na hiyo nusu ni ya ile hina. Kama huna intaneti ya kulipia kwa mwezi, usiongeze hela kwa ajili yake. Pixel 8 ya kawaida haina Video Boost na itakutosha. Ukiing'ang'ania Pro, basi chukua ya GB 256, siyo 128, maana yale mafaili yanakaa kwenye simu mpaka yapate pa kupandia.