Boksi la kupikia bia nyumbani: nyota tatu, karatasi ya maelekezo sifuri

Nimelipa dola 89 kwa boksi hili, na kabla sijalalamika niseme tu kwamba bia nimeinywa na ni nzuri. Mume wangu, ambaye si mtu wa kusifia hovyo, alijiongezea glasi ya pili mwenyewe. Kwa hiyo anayeuliza kama boksi linafanya kazi, ndiyo, linafanya. Ugomvi wangu ni na karatasi iliyomo ndani. Wameandika kwa herufi kubwa kwamba baada ya wiki nne utakuwa unakunywa. Mimi nimekunywa wiki ya saba, na ningeifuata ile karatasi, saa hizi ningekuwa naokota vipande vya chupa stoo.

Mjue kwanza anayeandika ni nani. Nimezaliwa Marangu, Kilimanjaro, nimelelewa na bibi aliyekuwa anapika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kuuza. Ndizi nimemenya, ulezi nimeuanika, msesewe, yale magome ya kutia uchungu, nimeutwanga mpaka viganja vikawaka. Sasa naishi St. Paul, Minnesota, nafanya zamu ya usiku kutunza wazee. Nililinunua boksi kwa kiburi kidogo, nikijua pombe ni pombe, Mzungu atanifundisha nini. Mume wangu alipoona ndoo mezani swali lake lilikuwa moja: "Mama watoto, polisi hawaji?" Hawaji. Hapa Marekani sheria inaruhusu kupika bia nyumbani tangu 1979, nyumba yenye watu wazima wawili galoni 200 kwa mwaka, mradi huuzi. Ila gongo ni kosa hapa kama kwetu, kwa hiyo wajomba msinitumie ujumbe.

Ndani ya boksi kuna ndoo mbili za plastiki, moja ina bomba kwa chini. Kuna mpira wa kuhamishia bia, makopo mawili ya kimea cha shayiri kilichopunguzwa maji mpaka kikawa kizito kama asali, kilo moja na nusu kila kopo, pakiti tatu za hopsi (maua ya kutia bia uchungu na harufu), hamira gramu 11, unga wa kuulia vijidudu, sukari ya kutilia chupani, vizibo 60 na kibanio chake. Sufuria ujitafutie. Haidromita, kifaa cha kupimia sukari iliyobaki, hamna, na kuhusu hilo nitarudi kwa hasira.

Nilipika Jumamosi tarehe 18 Januari, ndiyo siku pekee niliyokuwa sina zamu. Karatasi inasema chemsha maji lita kumi, mimina kimea, koroga, chemsha saa moja. Haisemi kwamba kabla ya kumimina uiepue sufuria. Nilimimina moto ukiwa unawaka. Kimea ni kizito, kilizama moja kwa moja chini kikakaa pale juu ya koili, na kabla mwiko haujamaliza mizunguko mitatu nikasikia harufu ya sukari inaungua. Bibi angenitandika na huo mwiko. Nilivyokuwa nakwangua chini, povu likapanda. Linapanda polepole, polepole, unalitazama, halafu ghafla liko sakafuni. Ukipika mara ya kwanza usigeuke hata kuangalia simu mpaka lile povu la mwanzo litulie lenyewe. Jiko langu nilisugua siku mbili, na mpaka leo koili ya kushoto ikipata moto inanuka karameli.

Baada ya hapo mambo yalikuwa mepesi. Hopsi za kwanza unatia mwanzoni, zinakaa saa nzima, hizo ndizo za uchungu. Za mwisho unatia dakika chache kabla ya kuepua, hizo za harufu. Nilipoinusa ile pakiti nilielewa mara moja: huu ni msesewe wao. Kazi ni ileile, kuukata utamu usikinaishe. Nikaonja kijiko kimoja kabla ya hamira. Togwa! Togwa ya shayiri, tamu, yenye uchungu kwa nyuma. Nilisimama pale jikoni na mwiko mkononi kama mjinga.

Sasa inatakiwa ipoe haraka mpaka ikugusie uvuguvugu tu, ndipo utie hamira. Nikasema Mungu amenipa theluji ya bure, ya nini kununua barafu. Nikaitoa sufuria nje nikaizika kwenye theluji mpaka shingoni. Baada ya nusu saa bado inaunguza. Kufunua, naona theluji imeyeyuka pembeni ikaacha nafasi ya vidole vitatu pande zote, sufuria imekaa kwenye shimo la hewa kama kuku anayeatamia. Hewa haipozi sufuria haraka. Nikairudisha ndani, nikajaza bafu maji ya bomba na barafu ya friji, nikawa nayakoroga yale maji kwa mkono. Dakika 25 ikawa tayari. Nikamimina kwenye ndoo, nikajazia maji ya baridi mpaka lita 19, hamira juu, mfuniko, kipumulio cha kutolea gesi, nikaipeleka stoo ya chini.

Kisha nikaanza kuisubiri.

Karatasi inasema utaona mapovu kwenye kipumulio ndani ya saa 24. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Natoka kazini saa moja asubuhi, sijavua hata koti, nimeshachuchumaa stoo na tochi ya simu. Siku ya tatu nikafunua kidogo, kumbe povu limejaa, limeacha alama ya kahawia kwenye ukuta wa ndoo. Hewa ilikuwa inatoroka pembeni ya mfuniko, kwa sababu mfuniko wa ndoo hii haubani vizuri. Hapo nakata nusu nyota. Mtu asiyejua angetia hamira nyingine, au angeimwaga.

Nikampigia mama simu Marangu. Shikamoo, marahaba, habari za theluji, tukafika kwenye jambo lenyewe.

"Inaimba?" akaniuliza.

"Ilikuwa inaimba, mama. Sasa imenyamaza."

"Basi mmechelewa kuinywa, mwanangu."

Nikacheka, lakini hapo ndipo nilipoona nilikuwa napika kitu tofauti kabisa. Mbege unasubiri kwenye ndizi, zikishachemshwa zinakaa siku kadhaa. Ukishachanganya na uji wa ulezi kesho yake watu wako uani na kata zao, na wanaitaka ikiwa bado inachemka yenyewe. Keshokutwa imeshachachuka, imekuwa ya wazee wasio na hela. Bia ya boksi inaenda kufungiwa kwenye chupa, na chupa haina pa kupumulia. Hii lazima inyamaze kabisa kwanza. Ndiyo maana pia wanasisitiza usafi kama wa chumba cha upasuaji. Mbege inanywewa kabla kijidudu hakijaiharibu, bia inakaa wiki saba.

Siku ya 14, tarehe 1 Februari, karatasi inasema: funga chupa. Chupa nilikuwa nazo hamsini, nimezikusanya kwa majirani, nimezilowanisha bafuni kubandua karatasi, watoto wameoga kwa ndoo siku mbili. Lakini moyo ukakataa. Nilivyoionja ilikuwa tamu mno. Nikaenda duka la vifaa vya kupikia pombe, nikanunua haidromita kwa dola 10. Ni kijiti cha kioo kama kipimajoto kinene, unakitumbukiza kwenye bia kinaelea. Sukari ikiwa nyingi kinaelea juu, hamira ikiila sukari kinazama. Maji matupu ni 1.000. Bia yangu, kwa mujibu wa boksi, ilianza 1.050 na ilitakiwa iishie 1.012.

Ilisoma 1.030.

Nusu ya sukari ilikuwa bado imo. Ningeifunga siku ile, hamira ingeendelea kula humo humo chupani, gesi haina pa kwenda, na chupa hamsini zingeanza kupasuka moja moja chini ya vyumba tunamolala. Karatasi haina hata sentensi moja kuhusu hilo. Imeandika siku tu: siku ya 14 fanya hivi, siku ya 28 fungua. Wameweka vizibo 60 kwa chupa hamsini na kitu, na kifaa cha dola 10 ambacho kingemwambia mteja ukweli wameacha. Kwa hili nakata nyota moja na nusu na ningekuwa na nyingine ningekata.

Kosa langu lilikuwa stoo. Ndoo ina kipimajoto cha kubandika, nacho kilikuwa kimesoma 58 kwa vipimo vya hapa, kama nyuzi 14 za kwetu, na mimi nikapita. Hamira hii inataka kama nyuzi 20. Haikuwa imekufa, ilikuwa imelala. Nikaihamishia kabatini karibu na tanuri la kupashia nyumba moto, nikaizungushia blanketi na kitenge changu cha harusi ya mdogo wangu, nikaitikisa taratibu kuamsha mashapo ya chini. Kesho yake nikaweka sikio kwenye ndoo kama bibi alivyokuwa akiweka kwenye mtungi. Inaimba. Tarehe 9 Februari, 1.013. Tarehe 12, 1.013 tena. Ikirudia namba ile ile baada ya siku tatu imemaliza, na kwa hesabu ni kilevi asilimia 4.9 hivi.

Kufunga chupa sitaeleza sana. Unachemsha ile sukari kidogo, unachanganya, unajaza, unabana. Chupa za kizibo cha kuzungusha zinakataa, usihangaike nazo. Kibanio cha boksi kilinivunjia shingo tatu, nikajifunza kukandamiza mikono yote miwili kwa pamoja. Nilipata chupa 47. Mume wangu alifungua moja siku ya tano kwa siri, nikamkuta anaitazama: haina povu, haina gesi, maji ya shayiri. Hakusema kitu, na mimi sikusema kitu.

Tarehe 8 Machi tukafungua kwa haki. Ilitoa mlio, povu likasimama upana wa kidole likakaa. Rangi ya chai ya rangi, harufu ya maganda ya chungwa, na nyuma kabisa kaukakasi kadogo ka kuungua ambako najua mimi tu kametoka wapi. Shemeji mmoja wa kwetu alionja akasema haina tofauti na ya dukani. Alikuwa ananisifia, nikamnyang'anya glasi.

Nunua boksi kama unataka ndoo, mpira na kibanio kwa bei moja. Ukivikusanya kimoja kimoja unalipa zaidi. Ongeza haidromita siku hiyo hiyo, pasha chumba kabla ya kupika, na karatasi iwashie jiko. Bia ya pili iko kabatini tangu wiki iliyopita, kitenge juu, mfuniko nimeufunga na mpira wa baiskeli ya mtoto. Asubuhi hii ilisoma 1.019. Vizibo vya boksi vimebaki tisa, nimeshaagiza vingine mia.