Makumbusho ya Reli Nairobi: behewa la simba na injini zenye majina ya milima

Mgeni akiniuliza aanzie wapi kuijua Nairobi, simpeleki kwanza kuwatazama twiga. Humpeleka kwenye Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni kuu, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kituo cha matatu cha Railways. Makumbusho haya yalifunguliwa mwaka 1971, enzi za shirika la reli la pamoja la Afrika Mashariki, na kwa maoni yangu hakuna kivutio jijini kinachoyafikia kwa upekee, kwa kuwa jiji lenyewe lilianza kama kambi ya reli iliyofika hapa mwaka 1899.

Wengi huja kwa ajili ya behewa namba 12, na wana haki. Mwezi Juni mwaka 1900 behewa hilo liliegeshwa katika stesheni ndogo ya Kima, kusini-mashariki mwa Nairobi, ili afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, pamoja na wenzake wawili, Huebner na Parenti, wamvizie simba aliyekuwa akila watu. Ryall, aliyeshika zamu, alipitiwa na usingizi. Simba akaingia kwa mlango wa kusukuma, na kwa sababu behewa lilikuwa limeinama upande mmoja, mlango ukajifunga nyuma yake. Akamkanyaga Parenti aliyekuwa amelala sakafuni, akamuua Ryall, kisha akatoka na maiti yake kupitia dirishani. Nilisimama kando ya behewa hilo nikilipima dirisha kwa macho, na hapo ndipo nilipoelewa jinsi watu wale walivyobanana na mnyama yule gizani. Simba huyu asichanganywe na wale wawili wa Tsavo, waliouawa mwaka 1898 na ambao sasa wamo katika makumbusho ya Field Museum mjini Chicago.

Hata hivyo, mimi hukaa muda mrefu zaidi uani, penye injini za mvuke. Iliyonivutia kupita zote ni Mount Gelai, namba 5918, mojawapo ya injini 34 aina ya Garratt zilizoundwa na kiwanda cha Beyer Peacock cha Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Ina uzito wa takriban tani 250 na urefu unaozidi mita 30, na kwenye reli zenye upana wa mita moja hapakuwahi kuwa na injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda hizi. Inafaa uizunguke polepole uone ilivyoundwa: boila imebebwa katikati, huku seti mbili za magurudumu, moja mbele na moja nyuma, zikiwa zimeungwa kwa maungio yanayoziruhusu kugeuka kila moja kwa upande wake. Ndiyo maana dude refu namna hii liliweza kupinda kwenye kona kali za njia ya kupanda kutoka pwani.

Chumba cha ndani ni kidogo, lakini picha za ujenzi wa reli zilinigusa sana, nikijua kwamba vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India na takriban 2,500 kati yao walifia kazini.

Atakayetaka skrini na michezo ya kubonyeza hatavipata hapa. Hapa ni chuma, mbao na historia, nami naona hiyo ndiyo heshima yake. Ni vyema kwenda asubuhi, kabla jua halijachoma chuma, mkiwa mmevaa nguo zisizoogopa kutu, na watoto washikwe mkono wanapokaribia ngazi za injini. Kama katika ukoo wenu yupo mzee aliyewahi kufanya kazi reli, nendeni naye, kwa kuwa ataweza kuwaeleza kazi ya kila mkono na kila mshale wa kupimia mvuke kuliko kibao chochote cha maelezo.